Kikombe cha Chai

Laptopu haikuwa yangu. Naanza na hilo mapema, msomaji, kwa sababu mara ya kwanza nilipokisimulia kisa hiki kijiweni nililificha hadi mwisho, na washikaji wakanipa pole nisizostahili. Ilikuwa ya dada.

Dada ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka huo, 2023, alikuwa anafundisha mchana na jioni anamalizia shahada. Laptopu aliipata kwa mchezo, ule wa walimu wenzake wa kuchangiana kila mwisho wa mwezi. Alisubiri miezi tisa zamu imfikie. Ilikuwa mtumba wa Kariakoo, nzito kama tofali, ina mkwaruzo mrefu mgongoni, lakini ilipiga kazi. Masharti aliyonipa yalikuwa mawili. La kwanza, niitumie akishalala. La pili, chai, maji, uji, soda, chochote kinachomwagika kikae mbali nayo. "Mdogo wangu," aliniambia, "hiki kitu hakina pacha hapa nyumbani."

Nikaitikia. Kuitikia ni kazi rahisi.

Ilikuwa Jumanne usiku, Aprili, masika yamekolea. Wanaokaa Manzese wanajua mvua ikipiga bati hata mawazo yako huyasikii. Dada amelala, Mama amelala, mchele wa vitumbua umelowekwa kwenye sufuria kubwa pembeni ya mlango. Mimi niko mezani na hadithi yangu ya kumi na moja, ambayo ilikuwa imenikwama wiki tatu nzima. Nyie wenzangu mnaojifunza kuandika mnaijua hali hiyo: unafungua, unasoma kurasa nne za mwanzo, unafunga. Basi usiku ule, sijui kwa sababu gani, ikafunguka. Sentensi zikaja zenyewe, moja inaivuta nyingine. Nikachemsha chai ya maziwa, nikatia tangawizi na sukari vijiko vinne, nikakiweka kikombe hapo hapo mezani, maana niliona nikiinuka kwenda kunywea jikoni hadithi itakimbia.

Nilinyoosha mkono kukifuata kikombe macho yakiwa kwenye kioo. Vidole vikakikuta kabla sijavitegemea. Chai ikalala upande wote wa kulia wa kibodi, ikasimama kidogo juu ya herufi, halafu ikazama katikati yake kama maji yanavyozama mchangani.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinicheke. Sikuzima. Sikuchomoa waya. Nilimalizia sentensi.

Kweli kabisa. Kioo kilikuwa bado kinawaka, kishale kinapepesa, kila kitu kinaonekana kizima. Nikasema moyoni, ngoja nimalizie haya maneno matano sita yasipotee, halafu nifute. Nikayaandika huku mvuke wa tangawizi unanijia puani kutoka ndani ya kibodi. Nilipoweka nukta ndipo herufi M ikaanza kujiandika peke yake: mmmmmmmm, mstari mzima, mstari wa pili, kama mtu anayeugulia usingizini. Halafu kioo kikawa giza.

Pale ndipo nilipoanza kuhangaika. Nikachomoa chaja, nikavua fulana nikafutia, nikaigeuza laptopu kichwa chini juu ya meza ikasimama kama hema. Chai ikadondoka, to, to, to, kwenye daftari la Mama la madeni. Hadi hapo, kumbe, nilikuwa nafanya la maana bila kujua. Kama ningeiacha hivyo hivyo hadi asubuhi nikaipeleka kwa fundi, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Lakini moyo wa mwenye hatia hauna subira. Nilitaka kujua. Nilitaka mtu, au kitu, kiniambie kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya dakika kama ishirini nikaigeuza, nikachomeka chaja, nikabonyeza kitufe. Taa ndogo ya ubavuni ikawaka mara moja. Kikasikika kitu, ta!, kama kiberiti kilicholowa, na harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda mbele ya harufu ya tangawizi.

Nikakaa kitandani gizani. Mvua inapiga.

Kuna jambo sijalisema bado. Dada alikuwa ananipa flashi yake kila Jumapili nimnakilie kazi zake. Yeye hana muda, na aliamini kijana aliyemaliza kidato cha sita anajua mambo hayo kuliko yeye. Kazi yenyewe ilikuwa utafiti kuhusu watoto wa mama lishe, kwa nini wanachelewa shuleni. Alikuwa amezunguka Temeke kwa miguu siku za mapumziko, akawahoji akina mama thelathini na mmoja, akawarekodi kwa simu. Simu ilipojaa, sauti akazihamishia kwenye laptopu na kuzifuta kwenye simu. Sura tatu za mwanzo msimamizi wake alikuwa nazo. Sura ya nne, ile yenye maneno ya wale akina mama, ilikuwa mle ndani tu, na alitakiwa kuikabidhi Ijumaa.

Na flashi? Flashi nilikuwa nayo mfukoni. Wiki tatu kabla nilifuta kila kilichokuwemo nikajaza filamu. Nilijiambia nitazitazama haraka haraka halafu nitamnakilia upya. Jumapili ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Alipouliza, nilisema tayari.

Asubuhi nikafanya kosa la tatu, au la nne, nimeshapoteza hesabu. Dada alipotaka kuiweka kwenye mkoba nikamwambia imejizima yenyewe, kuna mshikaji wangu ataiangalia, pengine ni virusi. Alinitazama kidogo. "Kazi yangu ipo?" Nikasema ipo. Akaenda kazini.

Jirani yetu mmoja, ambaye ana dawa ya kila kitu, akanishauri niizike kwenye mchele. Ushauri huu umeshaenea dunia nzima. Nikaizika kwenye ndoo ya mchele mkavu wa Mama, mchele wa biashara, kilo kumi na mbili, nikafunika na kitambaa. Ikalala humo Jumatano mchana na usiku. Mama alipokwenda kuchota mchele wa kuloweka akakutana na kona ya laptopu imechomoza kama mamba. Sitaandika hapa alichosema. Siku iliyofuata mteja mmoja alilalamika kwamba vitumbua vina ladha ya tangawizi, ingawa nadhani Mama alilitunga hilo kunitesa.

Kuhusu mchele ni vizuri nimalize kabisa. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaandikia wenye simu za iPhone wasizitie kwenye mchele zikilowa, kwa sababu chembe ndogo za mchele zinaweza kuiharibu simu. Niliposoma hilo nilitamani lingeandikwa mwaka mmoja kabla, na kwa lugha ya jirani yetu. Mchele hauwezi kufyonza kilichonata chini ya kibodi. Unachofanya ni kukupa kitu cha kufanya ili usiende kwa fundi.

Alhamisi asubuhi nikapanda mwendokasi Manzese, nikashuka Msimbazi, nikaingia mitaa ya ndani ya Kariakoo na laptopu nimeifunga kwenye kanga. Fundi niliyeelekezwa alikuwa ghorofa ya pili, kwenye korido yenye giza, chumba kisichozidi kitanda cha futi sita kwa sita. Mtu wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Imefanyaje?"

"Imemwagikiwa."

"Nini?"

"Chai."

"Ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa."

"Ina sukari?"

"Ina sukari, fundi. Vijiko vinne."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hiyo chai au juisi ya miwa? Lini?"

"Juzi usiku."

"Uliiwasha baada ya hapo?"

Nikasema hapana.

Hakujibu. Akachukua bisibisi ndogo, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha mafuta ya nywele kufuatana na zilikotoka. Kifuniko cha chini kilipoachia, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa betri. Alinieleza bila mimi kuuliza, kama mtu anayejisemea. Ukizima kwa kitufe, mashine haifi, inasinzia tu. Kuna sehemu zinaendelea kuonja umeme wa betri usiku kucha. Kwa hiyo tangu Jumanne, ndani ya mchele wa Mama, ile chai ilikuwa inaogelea pamoja na umeme.

Halafu akatoa punje tatu za mchele kwenye tundu la flashi, kwa kibanio. "Na hii pilau?"

Sikucheka, na yeye hakucheka.

Alipoinua mazabodi nikaona nilichokifanya. Kwenye miguu ya vile vidude vidogo kulikuwa na ukoko, mwingine mweupe, mwingine wa kijani kama ule wa sarafu za zamani. Kijani hicho ni kutu ya shaba. Fundi alisema maji yaliyosafishwa sana, kama yale ya kuongezea betri za magari, hayapitishi umeme kwa urahisi. Yanayoupitisha ni vitu vilivyoyeyuka ndani yake: chumvi na madini, yawe ya bomba au ya maziwa. Umeme ukipata njia humo, chuma kinaanza kuliwa kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kadiri umeme unavyobaki ndani, ndivyo kinavyoliwa. Sukari nayo, chai ikishakauka, inabaki kama gundi, na gundi hiyo inapenda unyevunyevu. Mtu anafuta juu, anaona pakavu, anaridhika.

"Ungeitoa kwenye umeme ukaniletea kesho yake asubuhi," alisema, "ningeiosha tu. Pengine kibodi ingekufa. Basi."

Aliiosha kwa mswaki wa meno na kemikali yenye harufu ya hospitali, alkoholi ya isopropili, ile isiyo na maji mengi ili ikauke upesi. Alipiga mswaki polepole, kona kwa kona, ukoko ukawa unatoka. Kisha akafika pembeni pale chaja inapoingilia, akavaa miwani, akaweka taa karibu. Akanisogezea.

Palikuwa na kidude cheusi, kidogo kama chembe ya pilipili manga, kimepasuka katikati.

"Hapa zinaingia volti kumi na tisa za chaja," alisema. "Hiki hakikuungua ulipomwaga. Kiliungua pale ulipochomeka."

Nikanyamaza. Korido nzima ilikuwa kimya, au mimi ndiye niliyekuwa sisikii.

"Chai haikuiua, kijana," akasema, akarudi kwenye mswaki wake.

Hakuniita mwongo. Nadhani amezoea, watu wote wanaokaa kwenye lile benchi lake huwa hawajawasha. Mimi nilikaa hapo karibu saa mbili, na kwa kuwa ninajidai mwandishi nikaanza kujifariji kwa waandishi. Nikamkumbuka Hemingway. Desemba 1922 mkewe, Hadley, alikuwa anamfuata Uswisi kutoka Paris, akafungasha maandishi yake kwenye sanduku, akaliacha kidogo ndani ya treni pale stesheni ya Gare de Lyon. Aliporudi halipo. Kibaya zaidi alikuwa amefungasha asilia pamoja na nakala zake za kaboni, zote mle mle. Nikajiona niko ukoo mmoja na Hemingway. Hadithi zangu kumi na moja nazo zimepotea, jamani, mateso ya sanaa!

Dakika chache baadaye ndipo nikaona nimejiweka upande ambao si wangu. Mimi sikuwa Hemingway katika kisa kile. Maandishi yenye thamani yalikuwa ya dada, na aliyepewa sanduku alishike ni mimi. Tena Hadley alikuwa anampelekea mumewe kazi yake kwa mapenzi, na anasemwa kwa hilo miaka mia sasa. Mimi nilifuta nakala ili nitazame filamu.

"Fundi," nikasema, "mashine iache. Mimi nataka kazi iliyomo."

Akaweka mswaki chini. "Hilo ndilo ungeanza nalo."

Skrubu mbili tu. Diski ilikuwa kwenye pembe ya kushoto, ndani ya kasha lake la chuma, mbali na chai ilikopita. Kavu. Akaifuta hivyo hivyo, akaifunga waya wa kuchomeka kwenye kompyuta yake. Nikashika benchi kwa mikono miwili. Kwenye kioo majina yakaanza kujipanga: HADITHI ZANGU. Chini yake MAHOJIANO. Chini yake SURA YA 4.

Kama umewahi kumwona mtoto aliyepotea sokoni anashikwa mkono na mama yake, basi.

"Lete flashi," akasema fundi. Nikatoa flashi ya dada. Akaichomeka. "Imejaa." Akateremsha orodha ya filamu polepole, moja baada ya moja, hadi chini, nami nimesimama nyuma yake. "Nifute?"

"Futa."

Za dada zilikuwa zaidi ya gigabaiti moja. Hadithi zangu kumi na moja, jasho langu la miaka minne, zilikuwa kilobaiti mia nne na kidogo. Zilinakiliwa kabla sijapepesa jicho. Nilikuwa sijawahi kuiona kazi yangu ikipimwa kwenye mzani, na nakushauri usiombe.

Ili kuhakikisha sauti ni nzima fundi akafungua moja. Ikaja kelele ya sahani, mtu anapepea mkaa, kisha mwanamke anacheka na kumwambia dada asimwandike jina. Akaeleza kwamba binti yake anachelewa shule kwa sababu kwanza lazima apeleke ndoo mbili za maji pale wanapopikia, ndipo aoge, ndipo atembee. Alisema hata akichapwa harudi kumlaumu mama yake, na hilo ndilo linalomuumiza. Fundi aliacha mkono juu ya meza, hakuizima. Tukaisikiliza mpaka mwisho, kama dakika kumi na mbili.

"Mama yangu alikuwa anapika Tandika," akasema. Akaendelea kufunga skrubu.

Alinidai elfu 20 kwa siku ile. Kutengeneza mazabodi na kubadili kibodi, elfu 90, nikijaliwa. Nilimlipa kwa mafungu, na mafungu yenyewe yalitoka kwenye beseni la vitumbua ambalo nililibeba kichwani kila alfajiri hadi Juni. Mazabodi ilifufuka. Ila fundi aliniambia ukweli kwamba mashine iliyokwisha kunywa chai haina ahadi.

Jioni ile ya Alhamisi nilimngoja dada mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno, maana ndiyo kazi ninayodai naijua, lakini alipofika yote yakapotea, nikasema tu: nilimwaga chai, nikaiwasha, na flashi sikuwahi kunakili, nilifuta. Kwa mpangilio huo.

Chai ilimpita. Kuiwasha kukampita. Alisimama kwenye flashi. "Jumapili zote tatu?"

"Zote, dada."

Hakupaza sauti. Aliweka mkoba chini, akavua viatu, akavivaa tena. Tulikwenda stationeri ya barabarani, akakodi kompyuta, akamalizia sura yake hadi saa nne usiku, mimi nikimsomea kutoka kwenye daftari alimoandika pembeni. Hatukuzungumza lingine. Mwenye duka alianza kufunga milango nusu ndipo tukachapa. Ijumaa akaikabidhi.

Siku nyingi zilipita kabla hajaniuliza kuhusu hadithi. Laptopu ilikuwa imesharudi na inalala chumbani kwake, kabatini, na mimi sikuthubutu hata kuitaja. Jumapili moja akaniita, akaifungua mwenyewe, akafungua ile ya kumi na moja akaanza kuisoma kwa sauti, sauti yake ya darasani. Alisoma vizuri. Nilikuwa sijui kwamba ni nzuri hivyo hadi alipofika katikati ya ukurasa wa tano, kwenye neno "lakini", akanyamaza.

"Halafu?"

Nikasogea kutazama. Kompyuta ilikuwa imejihifadhia yenyewe mara ya mwisho dakika kadhaa kabla ya kikombe. Ile sentensi niliyoimalizia chai ikizama, ile niliyoona ni bora iokolewe kwanza, haikuwemo. Nikajaribu kuikumbuka nimesimama pale pale. Sikupata hata neno lake moja.

"Hapo ndipo ilipomwagika," nikasema.

Dada akafunga laptopu, akairudisha kabatini. Akafungua mkoba wake wa shule, akanitupia daftari la mistari na kalamu nyekundu ya kusahihishia.

"Kaimalizie jikoni," akasema.